Futi Nane za Ndani

Jumanne saa mbili asubuhi Ngumbao aliipima nyumba ya Pruitt kwa nje, akapata futi sitini. Akaingia, akapima kwa ndani, akapata sitini na nane. Alikuwa fundi wa mawe miaka thelathini, na siku zote ndani hupungua kwa unene wa kuta. Haizidi. Akadhani tepu yake imevutika. Akaazima ya seremala, nayo ikampa sitini na nane na inchi mbili.

Nyumba yenyewe haikuwahi kuwa na akili. Pruitt, Mwamerika mwenye shamba la mkonge, aliijenga hapo Kisauni mwaka wa 1952 akiiga nyumba ya babu yake kule kwao: nguzo sita nyeupe mbele, ngazi ya mbao iliyokuja melini vipande vipande, paa lenye mteremko mkali ili theluji iteleze, na sebuleni meko ya kuota moto. Meko hayo hayakuwahi kuwashwa. Hata hivyo, dohani ilitoa moshi kila siku saa nne, wenye harufu ya mchicha wa nazi, na majirani walishauzoea.

Sasa Pruitt wa mwisho alikuwa amefia Amerika, na wajukuu walitaka kuuza. Wakala wao, Clifford, alitaka ramani ifikapo Alhamisi. Ngumbao aliichukua kazi ingawa nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa nyuma, kwenye ardhi hiyohiyo. Kisauni mtu huwa na nyumba yake, na ardhi ikawa ya mwingine. Ramani ikipita na ardhi ikauzwa, nyumba yake itavunjwa.

Saa nne aliufuata moshi. Kando ya meko palikuwa na mlango mfupi asioukumbuka, na nyuma yake jiko la udongo na makuti, futi nane kwa tisa. Hawe Kadzo, nyanya yake, aliyekufa Ngumbao akiwa darasa la tatu, alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Wamemaliza kujenga?"

"Zamani."

"Waliniambia niwapishe siku tatu. Nikatia dole gumba kwenye karatasi yao, lakini moto niliuacha unawaka, isije ikasemwa nimehama." Akamkagua. "Umezeeka, wewe. Shule ulimaliza?"

"La."

"Nilijua. Ulipenda kula tu."

Akampakulia. Ngumbao alikula huku hajui aandike nini. Kama jiko lilitangulia nyumba, basi ardhi ilikuwa na wenyewe, na yeye hakuwa mtu wa kufukuzwa. Lakini kwa nje jiko halikuwapo. Alitoka akazunguka mara mbili, mkono ukipapasa ukuta, akarudi amechanganyikiwa zaidi. Mwishowe akachora alichokiona, akaandika: Jiko la Kadzo, lilikuwapo kabla ya nyumba.

Clifford alikuja alasiri. Akainama mlangoni, akamwamkia Hawe kwa adabu, akaonja mchicha, akausifu. Kisha akasoma ramani.

"Hapa andika stoo."

"Stoo ina mtu anapika?"

"Fundi, nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Mnunuzi atafurahi, amezidishiwa futi nane."

"Alitoka kwa siku tatu."

"Karatasi inasema alitoka. Siku haikuandika."

Hawe aliendelea kukuna nazi. Alhamisi ramani ilipigwa mhuri, ikiwa na stoo.

Wiki iliyofuata tingatinga lilikuja. Ngumbao alitoa kitanda, viti, hata mlango na fremu yake. Sufuria ya maharagwe aliiacha jikoni mwake, mkaa ukiwa umekolea. Akahamia chumba cha kupanga Magongo.

Mnunuzi alijenga nyumba ya wageni pale palipovunjwa. Mwezi wa tatu tangu hapo fundi wake, Elkana, alimpigia Ngumbao simu.

"Mzee, pole kwa usumbufu. Nimeambiwa wewe ndiye uliyepima hapa. Hii nyumba ya wageni nikiipima kwa ndani inazidi. Na kuna mlango sikuujenga mimi."

"Pananukia nini?"

Elkana alinusa. "Maharagwe."

"Basi yaepue, yataungua."

Elkana akayaepua, akaketi, akala. Alipomaliza alipangusa mikono, akachukua ramani na kalamu, akaandika stoo.