Zafarani ya Zerde

Bibi Nezihe aliingia Soko la Viungo la Istanbul na nia moja: zafarani halisi ya kupikia zerde, wali mtamu wa harusi ya mjukuu wake. Muuzaji, Rüknettin, alimwekea kigoda na chai.

"Kunywa kwanza, shangazi."

"Chai yako ni kamba, mwanangu. Nikiinywa nitaona haya kuondoka mikono mitupu. Lete maji baridi."

Maji yalipoletwa, Nezihe alidondosha humo nyuzi mbili za zafarani kutoka kikopo kilichokuwa mezani. Maji yakawa mekundu papo hapo, nyuzi zikapauka zikawa nyeupe.

"Umezipaka rangi!" alisema kwa sauti, akainuka.

"Polepole, shangazi, unanifukuzia wateja!" Rüknettin alitoa haraka kikopo kingine chini ya meza.

Safari hii umanjano ulitoka taratibu, na nyuzi hazikupauka.

"Pima hii," alisema Nezihe. "Na kidole chako kisiguse mizani."