Ujana wa Kwenye Mkebe

Joto lilipomzidi Orpah hadi akawa anavua sweta kwenye shamba la chai huku wenzake wakitetemeka kwa baridi ya Nyaramba, alinunua unga wa Abigael, dada wa kanisani. Soya na mizizi, aliambiwa.

"Mimea ya Mungu, Mama Linda. Hakuna kemikali."

Akakoroga kwenye uji kila asubuhi, na kweli joto likapungua. Mwezi wa pili akaona damu. Alikuwa amekaa miaka mitatu bila kuiona.

"Usiogope," Abigael akacheka. "Ujana umerudi. Mwambie mzee ajipange."

Orpah naye akacheka, mjinga yeye, akanunua mkebe mwingine. Miezi miwili alifua leso zake kando, akazianika nyuma ya migomba. Angemwambia nani? Onchiri, mume wa binti yake Linda, hupita pale nyumbani kila siku, na kwetu chinsoni, ile heshima ya mama na mkwe, hairuhusu hata kutaja tumbo.

Kizunguzungu ndicho kilichompeleka zahanati. Nesi Gesare aliacha kuandika.

"Mama, huo si ujana. Ukishamaliza mwaka bila damu, tone moja likionekana, unakuja siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa saratani. Huo unga sijui una nini. Uache, na kesho uende hospitali ya Kisii wakupime."

Orpah alitoka na barua ya rufaa mkononi, moja kwa moja hadi sokoni. Abigael alikuwa anamuuzia mwanamke mwingine. Hatua mbili tu kutoka hapo, Onchiri alikuwa anafunga ndizi kwenye pikipiki. Miguu ya Orpah ikataka kugeuka.

"Abigael, nimetokwa na damu miezi miwili, na wewe uliniambia ni ujana."

"Punguza sauti, mkwe wako yuko hapa."

"Nimeipunguza miezi miwili. Asikie. Labda unga wako haukuileta hiyo damu. Lakini mdomo wako ndio ulioniweka nyumbani."

Yule mteja akarudisha mkebe mezani. "Ulikaa miaka mingapi bila?"

"Mitatu."

"Mimi minne. Niliona juzi."

Onchiri aliinamia ndizi zake, hakumtazama. "Mama, asubuhi nitawapeleka hospitali wote wawili."

Orpah alikuwa bado anamtazama Abigael, aliyekuwa akikaza mifuniko ya mikebe, mmoja mmoja, kana kwamba unga ndio utakaotoroka.