Vibanio Vitatu vya Rangi ya Lulu

Macho ya fundi yalikuwa yamefunga duka tangu mwaka jana, yakabakiza kadirisha kadogo ka mwanga ka kumjulisha tu kwamba kumekucha. Waliojua hilo walikuwa wawili: yeye na mkewe. Mtaani aliendelea kuitwa fundi wa rangi, na mkewe Mama Fundi, na mambo yakaenda, maana mtu akivaa miwani myeusi na kuongea kwa kiburi, nani atamwuliza kama anaona?

Ila binti yao alikuwa muuguzi, na muuguzi ana pua ya mbwa kwa ugonjwa wa watu. Alileta gari lake limekwanguka ubavu, akasema alilokuja kulisema.

"Baba, lipige rangi ya lulu kama ulivyokuwa ukipiga zamani. Likitoka sawa, sisemi tena. Likitoka na kasoro, unafunga banda mnahamia kwangu. Jumamosi nakuja kulichukua."

Kwake ni vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Hakuna banda, hakuna mashine ya upepo, hakuna hata pahali pa kutemea mate.

"Wewe Jumamosi njoo na ufunguo tu," fundi alimjibu. "Kasoro kaitafute kwa wenzangu."

Basi wazee wale wakaingia kazini, humo humo katika banda la nyuma ya nyumba. Walimwaga maji sakafuni ili vumbi lilale. Mlangoni Mama Fundi akatundika kwenye kamba shuka lililoloweshwa, likadaka vumbi la nje. Msasa fundi aliupiga mwenyewe, na hapo hakuhitaji macho ya mtu; vidole vyake vilisoma bati kama wewe unavyosoma barua ya mchumba. Rangi nyeupe ya chini nayo ikakaa vizuri. Kazi ilikuwa kwenye lulu.

Rangi ya lulu haina rangi, wenyewe ndivyo wanavyosema. Ni kama maji yenye vumbi la kung'aa, na mng'ao wake unatokana na hesabu ya mikono, yaani umelipitishia gari rangi mara ngapi. Ukipiga mikono mitatu, piga mitatu gari zima. Ukizidisha mkono mmoja tu mahali, gari litakuwa na sura mbili mchana kweupe.

Fundi alishika bomba la kupulizia; mkewe alisimama nyuma yake, akawa macho.

"Twende. Taa ya mbele. Mlango. Pole pole, hapo kuna kitasa. Mlango wa pili. Inua mkono, baba, unampaka rangi nzi."

"Nzi naye apendeze."

Kila mkono ulipokamilika, Mama Fundi alibana kibanio cha nguo kwenye ukosi wa gauni lake. Darasa la nne alilosoma lilimtosha kuhesabu, lakini kichwa chake kilivuja, na kibanio hakivuji. Siku ya kwanza walimaliza boneti, paa na upande wa kushoto. Vibanio vitatu. Fundi alichoka mpaka akalishwa uji kama mtoto, lakini alilala akitabasamu, na hilo mkewe hakuwa ameliona tangu mwaka jana.

Siku ya pili Mama Fundi akavitoa vibanio vya jana, wakaushika upande wa kulia. Mkono wa kwanza, kibanio. Wa pili, kibanio. Wa tatu, kibanio. Kabla hajatamka kitu, upepo ukaja ukaling'oa shuka la mlangoni upande mmoja. Akakimbia kulishika, na huko nje akakutana na jirani, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo.

"Mama Fundi, eti mnahama?"

"Nani kasema?"

"Mwanao kanunua kitanda cha ziada. Mwenye duka kaniambia."

Akazubaa pale, mkono mmoja umeshika shuka, na mkono wa pili ukafanya kile mikono ya mama wa nyumbani inachofanya bila kuomba ruhusa: ukachomoa kibanio ukosini, ukabana shuka kwenye kamba. Akarudi ndani. Akapapasa ukosi. Viwili.

"Umebaki mmoja, fundi."

"Una hakika? Mkono unaniambia tumemaliza."

"Mkono wako una njaa. Vibanio havidanganyi."

Akapiga wa nne.

Humo bandani, chini ya taa ya njano, gari lilimeremeta kama bibi harusi. Wakalifunika na vanishi, likakauka siku mbili. Ijumaa jioni Mama Fundi alipoanua shuka ndipo alipokiona kibanio, kimekaa peke yake kwenye kamba, kina vidoa vya lulu mdomoni. Alikitazama sana. Akakitia mfukoni.

Jumamosi asubuhi walilisukuma gari nje, na jua halina adabu. Kushoto lilikuwa jeupe lenye ubuluu wa mbali, kama ndani ya kombe la chaza. Kulia lilikuwa na wekundu, kama jicho lililolia usiku kucha.

"Limetokaje?" fundi aliuliza, kidevu juu.

"Linang'aa," mkewe alisema. Hapo hakudanganya.

Binti alifika, akaamkia, akalizunguka gari mara moja. Akalizunguka tena.

"Baba, pande hizi mbili hazifanani."

Kidevu cha fundi kikashuka. "Basi nimezidisha mkono. Uzee huo."

Mama Fundi angeweza kunyamaza. Lakini kosa la mkono wake kubebwa na mkono ambao haujapata kukosea miaka arobaini, lilimshinda. Akatoa kibanio mfukoni.

"Hakuzidisha yeye. Hesabu nilishika mimi. Hiki nilikibania shuka."

Binti akakitazama kibanio, kisha akamtazama mama yake.

"Kwa nini uhesabu wewe, mama?"

Hapo ndipo mwanamke yule alipoona alichokifanya. Alikuwa amemvua mumewe kosa, na miwani pamoja nalo.

"Baba," binti alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, "leo nimevaa nguo ya rangi gani?"

Walikuwa na ishara zao, wazee hao: kikohozi, mguso wa kiwiko. Fundi akangoja. Binti alikuwa amemkazia macho mama yake. Gauni la binti lilikuwa jekundu kama nyanya.

"Nyeupe," fundi akasema. "Ya kazini."

Binti akaziba mdomo, akageukia ukutani.

Fundi akasikia viatu vya binti vikigeuka. Akaelewa. Akaingia bandani kwa kupapasa ukuta, bila kujificha sasa, akachomoa waya wa mashine ya upepo. Bomba akaliosha kwa thina, pole pole, hadi sindano yake ya ndani, kama atalitumia kesho. Akalifunga kwenye kitambaa.

Mchana vitu vilikuwa vimepakiwa. Mkewe alimshika mkono kumfikisha garini.

"Mama, upande upi umetoka kama nilivyokusudia?"

"Kushoto."

"Nikalishe huko."

Akamkalisha kushoto, akamfungia mlango taratibu. Kisha akazunguka nyuma ya gari, kibanio kimo mfukoni, akaingia kwa mlango wa upande wake, wa kulia.