Shati la Chuma

Darasa la Mwalimu lilikuwa la mwisho kwenye korido, likipakana na stoo ya madawati mabovu. Wanafunzi wake walikuwa wachache, kila mmoja na hali yake, na shule nzima iliwaita "wale wa Mwalimu." Mwaka huo aliamua kuwafundisha historia ya zama za kati, enzi za ngome na wafalme na mapanga. Walimu wenzake walimcheka. Waache wapake rangi tu, walisema, siku ziende. Yeye akakataa katakata.

Tatizo ni kwamba ngome haiingii darasani. Kulikuwa na kijana asiyeona, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, naye ndiye aliyembana.

"Mwalimu, huo ukuta ni mrefu kama nini? Usiniambie kama mlima. Mlima wenyewe sijauona."

Wote wakacheka, na Mwalimu akacheka nao, lakini usiku alilala nalo swali hilo. Ndipo aliposikia kwamba makumbusho ya mjini yamepokea maonyesho ya kuzunguka, ya zama hizohizo, ambako vitu havifungiwi kwenye kioo. Unashika, unanusa, unasikiliza. Akaomba nafasi, akapewa.

Aliyemtia hofu siku ya safari ni Malkia. Jina hilo alipewa na baba yake. Alikuwa binti wa miaka kumi na minne, hasemi, na tangu utotoni alikuwa akijipiga kichwani kwa ngumi, tena ngumi za kweli, mpaka akavalishwa kofia ya sponji. Baba yake alikuwa fundi mwashi. Aliiacha kazi ili awe anakaa nyuma ya binti yake darasani, amemshika viganja vyote viwili, kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kutoka. Mama yake Malkia, muuguzi, ndiye aliyebaki kuiendesha nyumba.

"Historia naijua sasa kuliko ujenzi," baba alipenda kutania. "Mtihani ukija, nami nafanya."

Chumba cha maonyesho kilikuwa na mwanga hafifu. Aliyewapokea ni dada mwelekezi, mchangamfu, mwenye sauti ya chini isiyoshtua mtu. Aliwanusisha lami na nta ya nyuki. Akawapitisha mbele ya kipande cha ukuta wa mawe makubwa, na Redio akapanda ngazi akiupapasa hadi juu kabisa, kisha akapiga kelele, "Kumbe! Sasa huyo adui alipandaje?" Mwalimu alikuwa chini amemshikia ngazi, na machozi yalimlengalenga.

Kisha kengele ya kutahadharisha ngome ikagongwa. Iligongwa taratibu, lakini kwa Malkia ilitosha. Mkono mmoja ulimponyoka baba yake, na ngumi zikaanza. Mwelekezi alikuwa wakati huohuo akiwaonyesha wengine shati la vita, limefumwa kwa pete ndogondogo za chuma, zito kama gunia la mchele. Lilitengenezwa siku hizi kwa kuiga ya zamani. Malkia akalikwapua. Hakuna aliyeelewa anataka nini mpaka alipoingiza kichwa ndani yake na kukwama.

"Mvalishe," baba alisema. "Dada, nisaidie, mvalishe!"

Wakamvalisha. Shati lilimshuka hadi magotini, pete zikatoa mlio kama changarawe zikimwagwa. Malkia akasimama wima, akashusha pumzi ndefu, na mikono ikalala pembeni mwa mwili wake. Akaketi sakafuni, akaegemea ukuta.

Baba alibaki ameinama, viganja vyake bado vimejikunja kama vilivyokuwa. Alisubiri, lakini hakikutokea kitu. Polepole akanyooka, akaitazama mikono yake, akaiingiza mfukoni, akaitoa tena.

"Mwalimu," alinong'ona, "niiweke wapi?"

Mwalimu akaendelea na somo, kwa kuwa ndicho alichojua kufanya. Aliwasimulia jinsi ngome ilivyozingirwa, watu wakakaa ndani wakila shayiri. Alipogawa punje za shayiri, Malkia alikinga kiganja mwenyewe. Alizichezea punje zile moja moja, akamtazama Mwalimu usoni. Katika miaka yote aliyomfundisha, Mwalimu hakuwahi kuyaona vizuri macho ya mtoto yule. Yalikuwa ya kahawia, tena kunjufu.

Muda ukaisha, shule nyingine ikawa inangoja mlangoni.

Kulivua shati ndiyo ilikuwa kazi. Walimbembeleza, wakamwimbia, wakamwahidi juisi. Mwisho walilivua kwa nguvu, watu wazima watatu juu ya mtoto mmoja, naye alilia mlio ambao Redio aliziba masikio asiusikie. Nyusi ya Malkia ilichanika. Mwelekezi aligeukia ukutani akafuta machozi kwa mkono wa sare yake.

Kesho yake Mwalimu alirudi makumbusho peke yake, akapanda hadi ofisini kwa mhifadhi. Huyo alikuwa bwana mpole, akamvutia kiti na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Ningekuwa na uwezo, Mwalimu, ningekupa shati hilo leo hii," alisema. "Lakini si mali yetu. Maonyesho yamekuja kwa mkataba, na mwisho wa mwezi yanahamia mji mwingine. Nimeshawapigia wenyewe tangu jana. Wamesema seti haivunjwi."

"Na waliolitengeneza?"

"Fundi wake amefariki."

"Basi tumlete mara nyingi kadiri iwezekanavyo kabla hayajaondoka."

"Mleteni. Mlango uko wazi."

Wakampeleka tena, na tena. Kila mara ilikuwa hivyohivyo: amani, kisha kuvuliwa, na kila kuvuliwa kukawa kubaya kuliko kwa mwanzo. Nyumbani sasa alikuwa akijipiga hata usingizini. Mama yake akamshonea fulana yenye mifuko ya mchanga, Malkia akaitupa. Mchomeleaji wa mtaani akaunga minyororo myembamba ikawa kama kizibao, nayo akaitupa. Mwalimu akanunua blanketi zito, akaenda hospitali kuuliza, akaambiwa na daktari kwamba kila mtoto ana lake na waendelee kujaribu. Labda ni ule mlio wa pete. Labda ni harufu ya chuma kilichopakwa mafuta. Hakuna aliyejua, na aliyejua hakuwa na maneno ya kuwaambia.

Siku moja baba alimsubiri Mwalimu kwenye korido, Malkia akiwa mbele yake, viganja kwenye viganja.

"Nikuulize kitu, na usinifiche. Ingekuwa afadhali tusingelijua lile shati?"

"Sijui, Baba Malkia."

"Mimi zamani nilikuwa nimezoea. Nilidhani ndivyo alivyo, basi. Sasa nimemwona." Akakaza viganja vya binti yake. "Mama yake anasema tusimpeleke tena. Anasema tunamtesa."

"Na wewe?"

"Nataka nimwone mara moja tu nyingine."

Mwalimu alijua mama ana haki, tena baba naye ana haki. Akawapeleka.

Siku hiyo masanduku ya mbao yalikuwa yameshafunguliwa chumbani, ukuta wa mawe umekwisha kubomolewa, na mawe yenyewe yalikuwa sponji ngumu iliyopakwa rangi. Malkia hakuyajali hayo. Alivalishwa, akaketi, akaweka kichwa begani kwa baba yake. Baba akamwimbia kitu kwa sauti ndogo, mikono yake ikiwa huru, akimkuna mgongo juu ya zile pete. Mhifadhi alishuka mwenyewe, akakaa juu ya sanduku, akawaambia wapakizi wakapumzike kwanza. Walipumzika mpaka wakachoka kupumzika. Dereva wa lori akapiga honi, kisha akapiga tena.

"Jamani," mhifadhi alisema, bila kumtazama mtu. "Samahani sana."

Baba alisimama. "Asimguse mtu. Namvua mwenyewe."

Alilivuta kwa mara moja, haraka. Malkia hakupiga kelele safari hii. Alijipiga tu, kimyakimya, bila kupumzika. Baba akamkumbatia kwa nyuma, wakatoka hivyo hadi kwenye gari la shule, wakigongana na milango.

Garini baba alikuwa amechoka, na mkono mmoja wa Malkia ukawa unamponyoka kila mara. Mwalimu akahamia kiti cha pembeni yao, akaushika. Hakuwahi kuushika kabla, kazi hiyo siku zote ilikuwa ya baba. Ulikuwa na nguvu asizozitegemea, na kila ulipovuta alihisi bega lake lote likivutwa nao.

"Usibane kifundo," baba alimwelekeza. "Shika kiganja. Ukichoka, sema."

Alichoka kabla hawajafika taa za kwanza za barabarani. Hakusema.