Maji ya Mwisho

Mwanangu aliingia, akaweka begi mlangoni, akaanza kukunja nguo za mtoto bila hata kuketi. Nikajua leo ndiyo leo.

"Mama, minyoo tena," akasema. "Anameza dawa, anapona, haupiti muda tumbo lile lile. Safari hii namchukua nikae naye mwenyewe."

Mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku maana mdomo wake haupumziki, alikuwa barazani na mwanasesere wake. Yuko kwetu tangu aachishwe ziwa. Bila yeye nyumba hii ni kuta tu. Lakini ningesema nini? Nesi alishaniambia dawa inaua minyoo waliomo, haizuii wanaoingia. Nimesugua choo mpaka mikono ikachubuka. Maji ya kunywa nachemsha. Viatu namvisha hata akienda uani. Jirani nilimgombeza kwa sababu ya kuku wake, na kuku wa watu, masikini, hawana hatia.

"Mikono ananawa?"

"Kwangu hakuna anayekula bila kunawa," nikamjibu kwa ukali. Bakuli la maji hutangulia chakula kila siku. Mzee wangu, ambaye kutwa anashika udongo na samadi katika bustani yake ya mboga, hunawa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nafuata. Chiriku mwisho. Ndiyo adabu tuliyomfunza.

Hapo tukamsikia barazani akimfokea mwanasesere mbele ya kopo la maji ya tope.

"Wewe mdogo, ngoja. Babu kwanza, halafu bibi, halafu mimi. Haya, chovya sasa. Ni machafu, lakini ndiyo zamu yako."

Mwanangu akaacha kukunja. Mimi nikakosa pa kuficha uso. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anafika, anavua viatu vya bustani, na alisikia kila neno. Ni mtu wa heshima zake yule. Katika nyumba hii hajawahi kunawa baada ya mtu. Akageuka, akaenda zake uani. Nikajisemea, haya, amenuna, kazi ipo.

Akarudi na jagi la maji na kipande cha sabuni. Akachuchumaa mbele ya Chiriku, akiguna kwa maumivu ya magoti.

"Lete mikono, bosi."

"Kwani leo mimi ndiye mkubwa?"

"Leo na kesho."

Akammiminia, akamsugua kidole kimoja kimoja mpaka ndani ya kucha, maji yakamwagika chini, yakaishia huko. Kisha Chiriku akashika jagi kwa mikono miwili, akamnawisha babu yake. Nusu ya maji iliishia kwenye suruali. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema.

"Baba, utamnawisha hivyo kila siku?" mwanangu akauliza.

"Kila siku."

"Hata ukirudi umechoka?"

"Kwani nachoka mikono ya kumiminia maji?"

Mwanangu akatazama chini kidogo. "Basi kesho twende zahanati wote, mkapewe dawa na nyinyi," akasema.

Aliliinamia begi, akatoa gauni la kulalia la mtoto, akaenda kulirudisha chini ya mto wake.