Mkeka Uliopinda

Bi Mikeka alikuwa na aibu moja tu katika kazi yake, na aibu hiyo aliikunja akaificha katikati ya mikeka mingine mitano alipoipeleka kwenye duka la sanaa. Mstari mwekundu wa mkeka ule ulianza vizuri, ukafika katikati ukapinda kama nyoka aliyepigwa jiwe, ukapinda tena, ndipo ukakumbuka njia ya kwao. Mwenye duka, mama mmoja wa miwani ya kamba, aliuchomoa huohuo.

Bi Mikeka akaanza kuomba radhi. Mwenye duka hata hakumsikia. Aliinamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, kisha akautundika ukutani kati ya picha na vinyago. Kufikia saa sita, watu wazima wenye akili zao walikuwa wamesimama mbele yake, shingo upande kama kuku waliosikia mlango wa jikoni.

Basi akaambiwa alete mingine mitatu ya namna ile, midogo midogo, kabla ya maonyesho ya mwezi ujao, naye atapewa ukuta mzima na jina lake juu. Miaka arobaini Bi Mikeka alisuka, na miaka yote hiyo kazi yake ilikanyagwa, ikakaliwa, ikamwagiwa chai. Ukutani mtu hapandi na miguu. Aliutaka ukuta ule kuliko alivyowahi kutaka kuolewa.

Tatizo vidole. Vidole vilivyozoea kunyoosha havipindi kwa kuagizwa. Alisuka mmoja, akaruka jani hapa, akazidisha pale, lakini mwenye duka alipouona akatikisa kichwa. Kosa hili limepangwa, alisema, linajua linakokwenda.

Akarudi nyumbani kuwaza, mpaka akakumbuka. Siku aliyosuka ule wa kwanza, wifi yake, dada wa mumewe, aliyeitwa Pilipili hata na wale waliompenda, alikuwa amekaa mbele yake akimsimulia jinsi kaka mtu alivyomwoa Bi Mikeka baada ya yeye kaka kukataliwa na binti mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Kumbe mstari ulipinda kila Pilipili alipofungua mdomo.

Akamwita, akamwandalia chai, akamweleza haja yake. Pilipili akajishika kifua. Yeye, mtu mzima, atukane bure? Lakini kwa ajili ya udugu akakubali. Siku tatu alikaa pale, na maskini, matusi ya kuombwa hayaji. Alianza, "Wewe una... una pua," akakwama. Akaishia kusifu chai, kusifu mapazia, kusifu hata watoto wa Bi Mikeka, ambao siku zote aliwaita janga. Mkeka ukatoka umenyooka kama rula.

Siku ya nne Pilipili aliweka kikombe chini.

"Wifi, kwani kwenye huo ukuta jina langu litakaa wapi?"

"Jina lako? Umesuka nini wewe?"

"Kusuka kwako, kupinda kwangu. Bila mdomo huu, ungekuwa unasuka vya kufutia miguu mpaka leo."

"Mdomo huo ndio uliomkimbiza mumeo."

"Wangu alikimbia. Wako alikuja kwako kwa sababu kwa fundi cherehani mlango ulifungwa."

Hawakunyamaza wiki tatu. Waligombana asubuhi, wakapumzika kula, wakaendelea walipoachia. Mikeka mitatu ikapatikana, imepinda mpaka mwenye duka akatafuta kiti. Na siku ya maonyesho ukutani palikuwa na majina mawili, maana Pilipili aliwahi kufika akaliandika la kwake mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito.

Watu wakauliza maana ya mistari. Pilipili na maelezo tena! Akaonyesha kwa kidole: hapa ni ugomvi wa sufuria, hapa ni ule wa ndoo, na hii kona kubwa, jamani, ni fundi cherehani. Bi Mikeka aliutazama ukuta wake alioulilia, akatamani umwangukie.

Ndipo mumewe, mtu wa maneno matatu kwa siku, akapenya katikati ya watu akaigusa ile kona.

"Hapa mmekosea," alisema. "Hakunikataa. Niliacha mwenyewe kwenda, siku nilipomwona huyu."

Akarudi nyuma kusimama alipokuwa. Pilipili alinyamaza, na kimya chake nacho kilistahili kutundikwa. Bi Mikeka hakuona mkeka wala mtu tena mchana ule.

Wiki iliyofuata mwenye duka akaagiza mingine sita. Bi Mikeka akakaa kusuka, vidole vinakwenda vyenyewe, wimbo puani. Kufikia jioni, mstari ulikuwa umenyooka, mtoto wa shule angeutumia kupigia mistari daftari lake. Akamwita wifi.

Pilipili akautazama mkeka. Akamtazama mwenye mkeka, anavyotabasamu peke yake. Akavua viatu, akakaa vizuri.

"Haya niambie," alisema. "Hiyo siku alipokuona, alikwambia alikuwa anamtazama nani kwanza? Maana mimi nilikuwepo."