Kanda Iliyofukuza Nguruwe

Ijumaa baada ya swala tulikuwa na saa tatu tu. Kesho yake alfajiri rafiki yangu Qutbuddin angehama Lindi moja kwa moja, akaishi kwa binti yake Dar es Salaam, duka keshalifunga. Tulikuwa tumeahidiana mchuano mmoja wa mwisho kwenye kompyuta yetu ya mwaka themanini na nne, ile iliyoingia nchini imefichwa kwenye sufuria la biriani la bibi yake. Yeye husema sanduku la nguo. Ni sufuria.

Mashine nilishaifufua. Mimi ni mstaafu wa idara ya maji. Mambo ya umeme nilijifunza kwa kuunguza vitu. Miezi minne nilibadilisha kapasita zilizovimba na kusugua vitufe kwa mswaki, hadi ikawaka kwenye televisheni ya zamani. Lakini ukiizima inasahau kila kitu. Mchezo wake umo kwenye kanda ya kaseti: unaipiga kwa redio kaseti, inakoroma kama vyura elfu wanaogombea dimbwi, na baada ya dakika tano mchezo unatokea.

Na kanda alikuwa nayo Fakihi wa Kitomanga, mtani wangu. Aliinyakua mwaka themanini na tisa, kwenye msiba wa kaka yangu, mbele ya watu, eti faini ya kumlaza njaa. Kilichochukuliwa na mtani hukombolewa. Mimi kwa ukaidi sikukomboa.

Basi Alhamisi, siku moja kabla, nikamfuata kwake.

"Umekuja kukomboa, mzee wa uongo?"

"Taja unachotaka."

"Niamkie."

Nimemzidi miaka sita. Hata kuku waliacha kuparua wakanitazama.

"Shikamoo, Fakihi."

"Marahaba, mwanangu! Shule wanakufundisha?"

Akaingia ndani, akatoka na kanda imefungwa kwenye kipande cha kanga. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiipiga shambani kufukuzia nguruwe pori.

"Mmoja alikimbia mpaka Nangurukuru," akasema, "akapanda basi."

"Alilipa nauli?"

"Alikaa na konda."

Kuniachia kanda peke yake alikataa. Ijumaa akaja nayo mwenyewe.

Sebuleni kwa Qutbuddin yalibaki maboksi, viti vitatu na televisheni. Tukapiga kanda. Ikakoroma hadi mwisho, kioo kikabaki cheusi. Mara ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Qutbuddin akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Basi, Iddi. Umejitahidi. Haikuandikwa."



Fakihi akaweka kikombe cha chai chini. "Redio yenu hii mgonjwa. Sauti ya kanda si hiyo."

"Wewe unajua nini?" nikamuuliza.

"Nimeisikiliza miaka thelathini na zaidi, wewe ulikuwa wapi? Ina ukali, kama msumeno kwenye bati. Hii imeziba. Kwa sauti hii nguruwe wangekaa wakala."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kile kichwa kinachosoma kanda kilikuwa kimekaa upande. Pembeni yake kuna skrubu ndogo kama punje ya ufuta. Nikaipiga kanda tena, nikachukua bisibisi.

"Zungusha," Fakihi akaamuru, macho kafumba. "Bado. Bado. Umepitiliza, rudi. Hapo! Hapo wanakimbia!"

Tukairudisha kanda mwanzo, tukaipiga dakika tano. Kisha kwenye kioo kikatokea kile kijitu chetu chekundu, kikisubiri kuruka mashimo, kama vile jana tu tuliinuka kwenda kula. Qutbuddin akajiziba mdomo kwa kiganja.

Alinifunga mara sita. Ya saba nilishinda mimi, naye anakana, lakini nina shahidi. Shahidi alikataa kucheza: "Kijitu hakina hata jembe."

Jua lilipopungua Fakihi akatia kanda mfukoni. Mahindi yake yalikuwa yanakomaa. Sikumzuia. Nikamsindikiza hadi mlangoni.

"Shikamoo, Fakihi."

"Ulishalipa jana."

"Ya jana ilikuwa ya kanda."

Nilingoja tusi. Akashika kofia yake, akatazama ndani, Qutbuddin alipokuwa bado akirukaruka mashimo peke yake.

"Marahaba," akasema, safari hii bila kuongeza "mwanangu".